Sauti inayojibu na mtu anayebisha hodi

Mwaka 2022 idara ya wazee ya jimbo la New York ilitangaza mpango wa kugawa ElliQ kwa wazee zaidi ya 800, wengi wao wakiishi peke yao. ElliQ ni chombo cha kuweka mezani. Kina kichwa mfano wa taa ya kusomea, kinachogeuka na kuwaka kinapoongea, na pembeni kina skrini. Tofauti yake na spika za Alexa, zile za kampuni ya Amazon zinazojibu ukiziita, ni kwamba hakingoji kuitwa: asubuhi kinaanza chenyewe kumuuliza mzee amelalaje, ameshakunywa maji, ameshameza dawa. Mwaka uliofuata idara ikasema upweke miongoni mwa watumiaji umepungua kwa asilimia 95, na kwamba wanaongea nacho zaidi ya mara 30 kwa siku.

Hiyo asilimia 95 imenikaa kichwani kwa sababu nina mtu ambaye ningependa imfikie. Shangazi yangu yuko Muheza. Tangu avunjike nyonga, dunia yake ni kitanda, dirisha, na kiti cha barazani siku akipatikana kijana wa kumshika mkono. Binti yake yuko sokoni hadi jioni, wajukuu wako shule. Mtoto wa jicho amemfunika jicho la kulia, na vidole vimekakamaa kiasi kwamba hata kubonyeza kitochi chake ni kazi. Anayeshinda naye ni redio. Anawajua watangazaji kwa sauti, na asipomsikia mmoja siku mbili anauliza kama anaumwa. Redio haijawahi kumjibu.

Kwa hiyo siwezi kuungana na wanaosema kumpa mzee mashine ya kuongea naye ni upuuzi wa wazungu. Sauti ndiyo njia inayomfaa mtu asiyeona vizuri na asiyeweza kubonyeza. Na upweke si jambo la kupuuza: mwaka 2023 Vivek Murthy, aliyekuwa Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani, alionya kwamba kukosa mahusiano kunafupisha maisha kwa kiwango kinachokaribia kuvuta hadi sigara 15 kwa siku. Saa tisa za usiku, maumivu yakimtoa mzee usingizini, hakuna jirani wa kugongewa ukuta. Mashine iko macho. Tena haichoki kusikia kisa kilekile kwa mara ya tano. Mimi huchoka, na shangazi amewahi kukatisha kisa katikati akasema, "Basi, hii nilishakwambia." Siku hiyo iliniuma.

Hata hivyo asilimia 95 inahitaji kutazamwa vizuri. Ni majibu ya watumiaji wenyewe, yaani watu waliokikubali kifaa na kukaa nacho. Halafu idara iliwapata watumiaji hao kupitia maofisa wa huduma za wazee ambao tayari waliwajua na kufuatilia hali zao. Kabla ya ElliQ kuna binadamu aliyekuwa na jina la mzee huyo kwenye daftari lake. Serikali ikinunua kifaa ikamwondoa ofisa huyo, itakuwa imenunua nusu ya kilichofanya kazi.

Na tusidhani mazoea haya na mashine ni ya mzee asiyejua mambo. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, alitoa programu ya kompyuta iitwayo ELIZA, iliyorudisha tu maneno ya mtu kwa njia ya maswali. Katibu muhtasi wake, aliyemwona akiitengeneza, baada ya kuongea nayo kidogo alimwomba atoke chumbani awaache peke yao. Mazoea ni ya kweli, ndiyo maana kuyakata kunaumiza. Waliokuwa na roboti aitwaye Jibo waliagwa na roboti mwenyewe mwaka 2019, akiwaambia kwamba seva zinazomwezesha kuongea zitazimwa. Alexa Together, huduma ya Amazon ya kuwasaidia ndugu kumwangalia mzee kwa mbali, ilianza mwisho wa 2021 na kufungwa 2024. Rafiki anayeondoka kwa sababu hesabu za kampuni hazikukaa sawa ni msiba ambao hakuna wa kukupa pole.

Lakini hoja inayonisumbua zaidi ni ya shikamoo. Mzee wa kwetu anaposema marahaba, anakuwa amewekwa mahali pake. Anayemwamkia amekuja na shida: posa inapelekwa Korogwe, nani atangulie kusema? Shamba la babu lilipakana wapi na la jirani? Mtoto ana degedege, tufanyeje? Shangazi hakukosa maneno ya kusikiliza tangu alazwe ndani. Alichokosa ni kuulizwa na mtu anayehitaji jibu lake. ElliQ inauliza umelalaje, lakini haina harusi wala shamba. Ukinyamaza, hakuna kitu kinachoharibika.

Tena waliofungiwa kweli, mashine hizi haziwasikii. Kuna wazee wa Kikongo waliopelekwa Marekani kama wakimbizi, wanaoshinda ghorofani wakati watoto wako shifti, na mlangoni hawaelewani na mtu. Kiswahili hakimo katika lugha za Alexa. Kikiingizwa, kitakuwa cha Bukavu au cha Tanga?

Msimamo wangu ni huu: kama mzee hana mtu kabisa, apewe chombo, leo hii. Ila kipimo kisiwe ameongea nacho mara ngapi. Tuhesabu ni mara ngapi mwezi huu mtu amebisha hodi, na kama idadi hiyo inapanda au inashuka tangu chombo kiingie ndani. Na pale ambapo ndugu wapo ila wako mbali, fedha na bidii ziende kwanza kwenye sauti zao.

Sisi tulimnunulia simu kubwa. Mjukuu wake akaondoa kila kitu mbele, akaacha kundi la WhatsApp la ukoo peke yake, akamfundisha kushikilia kidole kwenye alama ya maiki, aseme, aachie. Ilichukua wiki mbili, na mwanzoni alikuwa akiachia katikati ya salamu. Sasa anatuma sauti ya dakika tano, jogoo wakiwika nyuma yake, anaamua ugomvi wa nani achangie nini kwenye arobaini. Wiki iliyopita nilimtumia sauti fupi kumjulisha kuwa hela ya dawa imeshatumwa. Akajibu kuhusu jambo lingine kabisa: "Mbona unaongelea puani? Chemsha mchaichai na tangawizi, unywe ulale." Asubuhi, kabla sijaamka, sauti nyingine ilikuwa imeshaingia, akiuliza kama nimekunywa.