Nyayo za siku tatu: jedwali liamue, au mwendesha mchezo?

Tuko katika mchezo wa mezani ambamo wachezaji huigiza wahusika, na mwendesha mchezo husimulia hadithi na kusimamia kanuni. Majambazi sita wa hadithini wamekatiza uwanja wa nyasi siku tatu zilizopita. Tangu wapite, mvua imenyesha kwa saa mbili. Kundi la wachezaji linataka kuwafuata, na mhusika anayesoma nyayo ni renja, mtu wa porini, mwenye nyongeza ya 7 katika stadi hiyo. Ana nafasi gani ya kuwapata?

Inategemea mezani pana toleo gani la Dungeons & Dragons. Katika kitabu cha wachezaji cha 1978, renja alianza na asilimia 90 akiwa nje, bila kujali nyongeza yoyote. Kila mtu wa ziada katika kundi linalofuatwa alimwongezea asilimia 2, kila siku iliyopita ilimpunguzia 10, na kila saa ya mvua 25. Piga hesabu: inabaki asilimia 20. Toleo la tatu, la mwaka 2000, linaipa ardhi ya kawaida ugumu wa 15, yaani namba ambayo dadu pamoja na nyongeza lazima viifikie. Hapo unatoa 1 kwa kila viumbe watatu, unaongeza 1 kwa kila siku na 1 kwa kila saa ya mvua. Jumla ni 18, na kwa dadu ya pande 20 renja wetu ana nusu kwa nusu. Mwongozo wa mwendesha mchezo wa 2014 nao unaanza na 15 kwa udongo au nyasi, kisha unaongeza 5 kwa kila siku. Ugumu unafika 30. Hata dadu ikitoa 20, jumla yake ni 27. Hawapati.

Njia ni ileile na majambazi ni walewale, lakini majibu ni matatu. Wanaodai kwamba namba hizi za jedwali la vitabuni zinatokana na uhalisia wa porini wautazame mfano huu vizuri. Mwaka 1978 mvua ndiyo iliyofuta nyayo, na mwaka 2014 ni siku zinazopita. Katika jedwali la 2014 mvua haimo kabisa, wala idadi ya wanaofuatwa. Kila mwandishi aliamua ni kitu gani kimtie mchezaji wasiwasi.

Hata hivyo jedwali lina haki yake, na naitetea. Mchezaji anayejua kwamba kulala usiku mmoja kutampandishia ugumu kwa 5 ana uamuzi wa kweli mbele yake: tupumzike majeraha yapone, au tuondoke sasa hivi tukiwa tumechoka? Anayekimbia naye ana hesabu yake. Katika toleo la tatu, akikubali kwenda nusu ya mwendo wake ili afiche nyayo, anampandishia mfuatiliaji 5. Bei inajulikana pande zote mbili. Ukiliondoa jedwali, mwendesha mchezo anabaki na namba kichwani, na namba ya kichwani huelekea pale anapotaka hadithi iende. Hahitaji kuwa mtu mbaya kwa hilo kutokea; inatosha awe ameandaa pambano zuri mwisho wa njia.

Upande wa pili una hoja nzito pia. Jedwali halioni kundi la ng'ombe lililokatiza njia asubuhi, wala halijui kwamba ng'ambo ya mto kuna kisima kimoja tu. Louis Liebenberg, mtafiti wa Afrika Kusini aliyefuatana na wawindaji wa Kalahari, ameeleza kwamba msomaji nyayo hodari hafuati unyayo mmoja baada ya mwingine. Anakisia mnyama anaelekea wapi na kwa nini, kisha anakwenda mbele kutafuta alama za kuthibitisha. Kwa hiyo mchezaji akisema, "Wana majeruhi, watahitaji maji, twende kisimani," amefanya kazi yenyewe ya kusoma nyayo. Kumwambia arushe dadu dhidi ya 30 kwa sababu jedwali limesema hivyo ni kumnyima haki yake.

Lakini kwa maoni yangu ubishi huu unasahau mahali ambapo dhuluma hutokea zaidi: dadu hurushwa mara ngapi, na ikikataa kunatokea nini. Toleo la tatu linataka mrusho mpya kila maili. Mwenye nafasi ya nusu kwa nusu akifuata maili nne, na kosa moja likihesabiwa kuwa mwisho wa njia, anafika mara moja kati ya 16. Mpe hata asilimia 90 kila mrusho: kwa maili kumi, nafasi ya kutokosea hata mara moja ni kama asilimia 35. Mwendesha mchezo aliyeweka ugumu wa huruma amefunga mlango bila kujua.

Kitabu chenyewe cha toleo la tatu hakikukusudia hivyo. Kinasema ukishindwa, nje unajaribu tena baada ya saa moja ya kutafuta, na ndani baada ya dakika kumi. Sharti hili hurukwa mezani, nalo ndilo bora kuliko namba zote zilizolizunguka. Kushindwa kunagharimu muda. Ila muda huo lazima uume: majambazi wavuke mpaka jioni, mateka auzwe, wingu lifike. Pasipo kitu kinachosubiriwa, kurusha tena na tena ni kupoteza jioni ya watu.

Ningependa basi ugumu utajwe waziwazi kabla ya dadu kurushwa, pamoja na sababu zake, na mchezaji aruhusiwe kuupinga kwa hoja ya mahali hapo. Mrusho uwe mmoja kwa kila badiliko la ardhi: nyasi, kisha mawe, kisha mto. Kwa majambazi wetu ningeanza na 18 ya toleo la tatu, na atakayetaja kisima nimpunguzie 5. Akishindwa bado atafika kisimani, lakini atakuta majivu yamepoa.