Jamani, sikuwa nimelewa

Naanza na hilo kwa sababu najua wote mmeshaiona ile klipu. Sekunde 11. Mtu anachomoka kwenye pipa, helmeti inachuruzika, begani kabeba makapi ya mabibo, anapepesuka hatua tatu, anasimama mbele ya mbuzi na kumwambia shikamoo. Ndiyo, yule ni mimi. Shikamoo ile ni yangu pia. Lakini yale maneno aliyoandika chini yake rafiki yangu (kuanzia leo tuseme jirani), eti "karani wa korosho chakari saa nne asubuhi", hayo nayakataa mbele ya umma. Nilikuwa sijaonja hata tone. Nilikuwa na akili zangu zote timamu, na hapo ndipo pabaya penyewe.

(Mlioko Dar, kabla hamjaanza: mabibo ya huku Newala si kituo cha daladala. Ni lile tunda ambalo korosho inaning'inia chini yake. Ukilikamua na kuyaacha maji yake yachachuke, unapata uraka. Tuendelee.)

Chanzo ni bando la usiku. Mwezi mzima nimekuwa nawaangalia Wafaransa wakiteremka milima ya Alps kwa baiskeli. Kuna mji unaitwa Chamonix, umekaa bondeni chini ya Mont Blanc. Watu wa kule hawahangaiki kupanda. Baiskeli inapakiwa kwenye vibanda vinavyotembea juu ya waya, mwenyewe anakaa kama abiria, akifika juu kazi yake ni kushuka tu. Nikasema hii sasa ndiyo michezo. Tena njia zao zina rangi: kijani ya wanaojifunza, halafu buluu, halafu nyekundu, halafu nyeusi, ambayo nadhani ni ya watu wenye madeni. Kilichonimaliza ni mashindano ya Alpe d'Huez. Wanaanzia Pic Blanc, mita 3,330, juu ya barafu, mamia kwa mpigo, wanamwagika kama ng'ombe walionusa maji.

Sasa mtu wa Newala ukimwonyesha bonde unamwonyesha kitu gani? Sisi Shimo la Mungu liko hapo nyuma. Unasimama ukingoni, uwanda wa Makonde umekatika kama mkate, chini bonde limejilaza mpaka Ruvuma, ng'ambo ni Msumbiji. Nikamwambia jirani, Chamonix tunayo hapa, tulichokosa ni mteremkaji.

"Na wewe njomba, unaiweza?"

Nikamjibu, "Kitu kidogo."

(Nimekuja kusoma baadaye kwamba ule mji wa Chamonix, pale chini kabisa bondeni, uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Uwanda wetu wote haufiki hapo. Kwa hiyo wenzetu wanakomalizia kushuka ni juu kuliko tunakoanzia sisi. Hata aibu yangu ni fupi.)

Vifaa. Baiskeli ya mtumba, nimeinunua Mtwara mjini, ya njano, gia 18, shokapu mbele, breki za waya. Magotini nilifunga sponji ya godoro kwa vipande vya tyubu. Helmeti niliazima kwa kijana wa bodaboda, ile ya kufunika uso mzima, kioo kimechubuka kiasi kwamba ukiivaa dunia yote ni ukungu wa alfajiri. Njia niliyochagua ni mojawapo ya zile walizokuwa wakiteremkia bibi zetu kufuata maji, maana huku juu mito hakuna, maji yote yalikuwa bondeni. Walishuka na kupanda na mtungi kichwani na mtoto mgongoni, hawakumwaga. Neno hilo "hawakumwaga" lishikeni.

Mfaransa wangu wa kwenye simu alikuwa amenifundisha vizuri. Usikae, simama juu ya pedeli, zote mbili zilingane. Makalio nyuma ya siti. Viwiko nje kama jogoo anayetafuta ugomvi. Kidole kimoja tu kwenye kila breki: mkono wa kulia ni breki ya nyuma, hiyo ichezee, wa kushoto ni ya mbele, hiyo iheshimu. Na kubwa kuliko yote, baiskeli hufuata macho. Ukilitazama jiwe, utaligonga. Tazama pale unapotaka kupita.

Kipande cha kwanza nilikiteremka vizuri. Narudia, vizuri, kwa sababu hicho jirani hakukirekodi. Mchanga nikapita, mizizi ya mikorosho nikaruka, watoto wanakimbia pembeni wanapiga kelele, na mimi ndani ya helmeti nacheka peke yangu kama mtu aliyeokota pesa. Nikaanza hata kufikiria nikihojiwa nitasema nini.

Kisha njia ikakunja nyuma ya mkorosho mkubwa, na ghafla si njia tena. Ni uwanja wa nyumba ya watu.

Hapa twende polepole, kwa sababu mimi mwenyewe kila nikifumba macho inakuja polepole. Kushoto, mkeka umeanikwa makopa. Kulia, mbuzi amefungwa kwenye mti. Mbele kidogo mzee mmoja kwenye kigoda, mkononi kikombe cha bati. Bibi ameinama na beseni. Na katikati pipa la plastiki la buluu, limekatwa nusu, limejaa. Kati ya mkeka na pipa kulikuwa na nafasi upana wa mlango. Nafasi nzuri tu. Mbuzi yule angepita, na mzigo.

Mfaransa alisema tazama nafasi. Mimi nikatazama pipa.

Nililitazama kwa makini ambayo sijawahi kuyaweka kwenye kitu chochote, pamoja na mtihani wa kidato cha nne. Niliona povu la njano njano pembeni. Niliona bibo moja lililopondwa nusu likielea, jekundu. Niliona nyuki watatu. Mtu anayeweza kuhesabu nyuki kwenye pipa, jamani, huyo hayuko barabarani tena.

Basi nikashika breki. Ya kulia, ile ya kuchezea. Kwa vidole vyote vinne.

Elimu kidogo hapa, mtanishukuru. Ufaransa, kama Ulaya bara kwa jumla, breki ya mkono wa kulia hukamata tairi la nyuma. Uingereza na Japani, wanaoendesha kushoto kama sisi, mkono wa kulia hukamata la mbele. Mwalimu wangu alikuwa Mfaransa. Mtumba wangu ulitoka Japani. Hakuna aliyenidanganya, ni wageni wawili tu hawakukutana kabla. Na malezi nayo hayakunisaidia, kwa sababu sisi utotoni breki ilikuwa ndala: unalikandamiza tairi la nyuma mpaka ndala inaanza kunuka. Haya yote kanieleza fundi jana, na ilibidi aweke spana chini ndipo amalizie kucheka.

Tairi la mbele likasimama. La nyuma halikupewa taarifa. Shokapu ikazama mpaka mwisho, na nyuma ya baiskeli ikaanza kuinuka, taratibu, kwa adabu, kama mtu anayempisha mgeni kiti. Sikuruka mimi. Niliinuliwa. Nikapita juu ya usukani nimenyoosha mikono, na huko hewani nikawa na muda wa kutosha kabisa. Nilimwona mzee anafunika kikombe chake kwa kiganja. Hakuinuka, hakusogea, alifunika tu. Nilimsikia bibi akisema "Yarabi!" Nikakumbuka kwamba helmeti si yangu.

Halafu nikaingia. Kichwa, mabega, mpaka kiunoni. Miguu ikabaki nje na sponji zake za godoro.

Helmeti ya kufunika uso mzima ina tabia moja ambayo hawaitangazi. Ukiizamisha, inajaa, na ikishajaa haina haraka ya kumwaga. Nikafumbua macho nikaona njano. Nikavuta pumzi nikapata uraka. (Haya, matone yaliyopita puani siyahesabu. Nilisema sikuonja, hayo hayakuonjwa, yalijipeleka.) Masikioni nasikia nyuki, sijui ni walewale watatu au wameita ndugu zao. Na kupitia maji hayo yote ikanifikia sauti ya bibi, ya upole kabisa, sauti ya mtu aliyelea wengi:

"Mjukuu wangu, si ungesema tu kama unataka. Ningekupimia."

Na mzee: "Mwache mama, huyu kiu yake ya siku nyingi."

Nikajisukuma nikatoka. Sekunde hiyohiyo ndipo jirani akatokea kwenye kona, anahema, simu mbele. Mnaona sasa? Kwenye klipu hakuna breki, hakuna Mfaransa, hakuna Japani. Kuna mtu anatoka kwenye pombe tu. Nilipepesuka kwa sababu helmeti ilikuwa na uraka mpaka kidevuni na kioo kile hata kikavu hakionyeshi. Na kuhusu mbuzi, nilisikia mtu anakohoa kushoto kwangu. Nikajua ni yule mzee. Unamkuta mtu mzima umetoka kuoga kwenye pombe yake, utaacha kumwamkia? Nikaamkia. Alichojibu mmekisikia.

Mengine haraka haraka. Bibi nilimlipa, na hakukataa. Makopa yalipona. Rimu la mbele limekuwa namba nane. Zahanati nesi alininusa kwanza ndipo akauliza naumwa wapi. Kiwiko, nyuzi 4. Helmeti nimeifua mara tatu kwa sabuni ya unga na kijana wa bodaboda bado anasema abiria wake wanashuka kabla ya kufika.

Ah, na bibi wakati ananifuta mikono aliniambia, "Hii ni njia ya watu, mjukuu wangu." Nikakasirika kimoyomoyo, nikajisemea kule Ulaya kuna ustaarabu, njia zimeachwa wazi. Usiku nikasoma: Chamonix, Julai na Agosti, baiskeli zinapigwa marufuku kwenye njia nyingi za waenda kwa miguu. Yaani hata kule ningekutana na bibi.

Jumapili mama akapiga simu. Mama yangu ni mtu wa swala tano, hajawahi kuukaribia hata mti wenyewe msimu wa mabibo yakianguka. Klipu ilikuwa imemfikia kupitia grupu la ukoo.

"Tangu lini?"

"Mama, wallahi sikuwa nimelewa." Nikamweleza yote. Alps, rangi za njia, macho, breki ya kulia, nyuki.

Kimya. Nikadhani salio limekata.

"Kwa hiyo yale uliyafanya ukiwa mzima?"

"Ndiyo mama."

Kimya tena.

"Basi wakiniuliza nitawaambia ulikuwa umelewa."

Jumatatu nikaenda kazini, kiwiko kimefungwa, nimejipulizia manukato kupita kiasi, jambo ambalo sasa naona lilikuwa kosa lingine. Foleni ya wakulima ilikuwa ndefu na kimya sana, kimya cha watu wanaobana kitu. Mzee wa kwanza akapandisha gunia lake juu ya mzani. Akanitazama. Akautazama mzani.

"Karani, huo mzani wako umeamkaje? Au nao ulipitia kwa bibi?"

Nikaandika kilo 62. Akaomba nipime tena.