Maziwa yalianza kama maji ya kulowesha mayai?

Kasa anayepanda kutaga kisiwani Maziwe, mbele ya Pangani, anawaponza wanawe. Maji yakijaa, kisiwa kile hufunikwa, na yai la kasa likizama muda mrefu mtoto hufa kwa kukosa hewa. Ndiyo maana viota huhamishiwa Ushongo, bara. Mama anaishi baharini, ila yai lake ni la nchi kavu. Ganda lake si gumu kama la kuku; ukilibonyeza linabonyea, nalo huvuta unyevu wa mchanga.

Ganda la namna hiyo ndilo linalobishaniwa katika swali la maziwa ya mamalia yalianzaje. Kwamba maziwa yalitangulia mimba hakuna anayebisha sana: platipasi, mamalia wa Australia, anataga mpaka leo na ananyonyesha. Hana hata chuchu. Maziwa humtoka kwenye ngozi ya tumbo, watoto wakayaramba manyoyani. Ubishi ni juu ya kazi yake kabla hayajawa chakula.

Mtafiti Olav Oftedal anasema yalilowesha mayai. Kasa anafukia yake penye unyevu. Mnyama mwenye damu moto anayeatamia mayai laini anayakausha kwa joto lake mwenyewe, isipokuwa ngozi yake itoe majimaji.

Wengine wanasema yalikuwa kinga. Protini inayosaidia kutengeneza sukari ya maziwa ilitokana na lisozimu, kimeng'enya kinachovunja kuta za bakteria, kile kile kilichomo kwenye machozi yetu. Hoja hii ina nguvu kwa sababu inasomeka katika jeni za wanyama walio hai. Lakini lisozimu imejaa kila mahali mwilini, hata kwenye ute wa yai la kuku, kwa hiyo kuikuta hapa hakuthibitishi kazi ya kwanza. Tena dawa hiyo ilihitaji majimaji ya kuibeba. Mimi naegemea kwa Oftedal, ingawa sioni kwa nini kazi hizo mbili zisiende pamoja.

Visukuku navyo vinavuta huku na huku. Morganucodon, mnyama mdogo wa mwanzoni mwa ukoo wa mamalia, wa miaka kama milioni 205 iliyopita, alibadili meno mara moja tu kama sisi, dalili kwamba mtoto alilishwa maziwa kabla ya kuanza kutafuna. Halafu kuna Kayentatherium wa Arizona, jamaa wa karibu wa mamalia aliyeishi baadaye kidogo: mwaka 2018 ilitangazwa kwamba mmoja alikutwa na watoto wasiopungua 38. Watoto 38 wanyonye kwa nani? Huyo, kama alikuwa na maziwa, huenda hayakuwa chakula kikuu, na hilo linazifaa pande zote mbili.

Kinachoweza kuzitenganisha ni ganda. Likipatikana ganda gumu la yai la babu zetu wa kabla ya Morganucodon, hoja ya Oftedal itabaki haina pa kusimama, kwa kuwa yai gumu halihitaji kuloweshwa.