Wapiganaji Thelathini, Wanaochaguliwa Watatu

Kibanda nilichojifunzia Tekken, gemu la video la kupigana wawili wawili, kilikuwa Mwanga, hapa Kigoma, hatua chache kutoka sokoni. Mshindi anabaki na pedi, aliyepigwa anasimama, akitaka kurudi analipa tena. Mtoto aliyetumwa mawese akabakiwa na chenji ya mia mbili hawezi kumchagua mtu dhaifu kwa sababu tu amempenda, maana dakika mbili tu hela imekwisha. Ndiyo maana hadi leo nikisikia gemu linasifiwa kwa wingi wa wapiganaji, nauliza kwanza: wangapi kati yao wanaweza kushinda?

Tulikuwa na Tekken 5 kwenye mashine ya PS2, la mwaka 2005. Wapiganaji zaidi ya 30, lakini ukiingia kibandani saa yoyote utawakuta watatu: Steve, Nina na Bryan. Hatukusoma popote kwamba ndio wenye nguvu, tuliambiwa na mifuko yetu. Baadaye sana nikaja kujua kwamba hata wachezaji wakubwa wa nje walikuwa wakiwalalamikia hao hao watatu.

Mtu wangu alikuwa Ganryu, yule wa sumo. Nilimpenda kwa sababu alifanana na baba yangu mdogo aliyekuwa kuli pale Kibirizi: mnene, mzito, akikukumbatia hupumui. Nilimjua Ganryu kuliko mtu yeyote kibandani alivyomjua mtu wake. Nikikutana na Steve wa mtoto aliyeanza juzi, napigwa. Hilo liliniuma, na bado naliona ni kosa la waliotengeneza gemu.

Hata hivyo, kazi yao ni ngumu, na haki yao niwape. Street Fighter II ya mwaka 1991 ilikuwa na wapiganaji 8 wa kuchagua. Ukimkutanisha kila mmoja na kila mwenzake unapata mapambano 28 ya kuchunguza. Wakiwa 30, mapambano yanafika 435. Super Smash Bros. Ultimate iliishia na wapiganaji 89, yaani mapambano 3,916, kabla hata hujahesabu viwanja. Tena mpiganaji hasawazishwi na mmoja tu. Katika Tekken sekunde moja ina fremu 60, yaani picha 60 zinazopita kwenye skrini, na pigo la haraka kwa kawaida hutoka kwa fremu 10. Mpunguzie Ganryu fremu moja kwenye ngumi yake ili itoke haraka zaidi, umegusa mapambano yake yote kwa mkupuo. Dhidi ya Nina amepona, dhidi ya mwingine amekuwa jini.

Kuna na hili la mikono ya mchezaji. Kwenye Tekken 3, Eddy Gordo, yule Mbrazili wa kapoeira, alipigwa marufuku kibandani kwetu na mwenye kibanda mwenyewe. Mtoto anabonyeza hovyo, miguu inazunguka, watu wazima wanaanguka. Lakini kwa mchezaji anayejua kujikinga chini na kusubiri, Eddy hakuwa tishio kubwa hivyo. Sasa umpunguze nguvu au umwache? Ukimpunguza unamwonea fundi aliyemsomea miaka, ukimwacha unawafukuza wanaoanza. Mimi ningemwacha, nikawafundisha watu kujikinga. Marufuku ya yule mzee niliiheshimu kwa sababu kibanda ni chake, ila sikuwahi kukubaliana nayo.

Ninachokataa ni kurundika majina. Marvel vs. Capcom 2 ya mwaka 2000 ilikuwa na wapiganaji 56, lakini kwenye mashindano makubwa sura zilikuwa zile zile: Magneto, Storm, Sentinel, Cable. Wengi wa wale hamsini na wawili wengine wamechorwa, wamepewa sauti, wakaachwa nje kama wageni wasiokaribishwa sahani. Kuongeza mtu mpya pia kuna hatari yake. Leroy Smith aliingia Tekken 7 Desemba 2019, na mwezi uliofuata kwenye mashindano ya Evo Japan, kati ya wachezaji wanane wa mwisho, sita walikuwa naye. Baadaye wakampunguza.

Hapo penye “baadaye wakampunguza” ndipo sisi wa Kigoma tunapoachwa. Marekebisho siku hizi huja kwa intaneti. Nani mwenye kibanda atanunua bando la gigabaiti nyingi ili ngumi ya mtu mmoja ichelewe fremu mbili? Hata Tekken 5 ilirekebishwa, ikaitwa Dark Resurrection, ikaja kwenye PSP mwaka 2006, kisha PS3 kwa kupakua. Kwenye PS2, mashine iliyokuwa vibandani, haikuja kabisa. Tukabaki na watatu wetu miaka yote ile.

Kwa hiyo nawaomba watengenezaji wasitoe diski mbichi wakitegemea kuipika baadaye. Wapiganaji wakiwa wengi nafurahi, kwa sababu kila mtoto anampata wake. Lakini kabla ya kumwongeza wa hamsini, wamnyanyue kwanza yule wa mwisho. Wasimnyanyue kwa kumfananisha na wengine, maana Ganryu akikimbia kama Nina si Ganryu tena. Wampe silaha moja tu ambayo kila mtu aliyekaa mbele yake lazima aihofie.

Juzi nilikuwa Ujiji, nikaingia kibanda kimoja chenye PS4 na Tekken 7 kama ilivyotoka kwenye diski. Nikamtafuta Ganryu, hayumo. Alirudi mwaka 2020 kwa kupakuliwa. Pembeni yangu kijana wa miaka kumi hivi alikuwa amemchagua Gigas, jitu zito, la taratibu, ambalo wanaojua gemu hulikwepa. Akapigwa raundi tatu mfululizo na mtoto mwenzake. Akasimama, akachimba mfukoni, akatoa mia mbili nyingine. Zamu yake ilipofika akamchagua Gigas tena.