Muanze na buku ya baboyi

Bandugu basomaji, kila mara muntu akiniomba romani ya muzuri ya kusoma, ninaona anangojea nimutajie kintu ya Paris. Miye kwanza ninamutuma ku buku moja ya hapa hapa Lubumbashi, yenye ilitoka kwa bantu benye bazungu balikuwa banaita boyi.

Jina yake ni Vocabulaire de ville de Elisabethville. Jina isikudanganye, si kamusi, na ndani si Kifaransa, ni Kiswahili, tena Kiswahili yetu, ile yenye shiye benyewe tunaonea haya mbele ya bantu ba Dar. André Yav njo aliongoza kuiandika mwaka 1965, muji wetu Lubumbashi ulikuwa ungali unaitwa Elisabethville, kwa ajili ya bazee benye balitumika ku manyumba ya bazungu. Banahadisia historia ya muji vile benyewe baliishi. Ku masomo tulifundishwa Union Minière, ile kampuni ya kuchimba shaba, na tarehe na majina ya bakubwa, lakini muntu mwenye alikuwa anapiga pasi nguo ya bale bakubwa tulimusikia wapi? Paka humu.

Kuisoma ni kazi, ninawaambia mapema. Nukta ni za shida, maneno zinashikana, zingine zinakatika katikati, na siku ya kwanza niliacha mbio. Kisha nikajaribu kuisoma kwa sauti, pole pole, na pale yote ikafunguka, juu iliandikwa vile muntu anasema. Hata Johannes Fabian, profesa mwenye aliitoa tena mwaka 1990 na tafsiri ya Kiingereza, alipita ile njia: Kalundi Mango, mwenye alimusaidia mu ile kazi, alimusomea kwa sauti. Ku intaneti iko bure, itafute.

Ukiimaliza, chukua Kuli ya Adam Shafi, ya 1979. Hii ni Kiswahili ya Unguja, usiogope, ukurasa kumi za kwanza zitakusumbua kidogo na kisha sikio inazoea. Ni Rashidi, kijana mwenye anabeba mizigo bandarini Zanzibar, anabeba mpaka anaanza kujiuliza nani anakula hii jasho yote, na mambo inafika ku mgomo wa 1948. Miye pale nilifunga buku kwanza, juu niliona bazee betu ba Union Minière, bale baligoma Desemba 1941 hapa kwetu na bakapigwa masasi. Zanzibar iko mbali na hatuna bahari, lakini ile njaa ya mushahara ninaijua.

Tram 83, romani ya Kifaransa ya Fiston Mwanza Mujila, kila muntu anaitaja, ni mutoto wa hapa, ilitoka 2014, na ile mwendo yake ya muziki ni ya kweli kabisa. Musome. Lakini banamuke ba mule ndani karibu bote ni ba kuuzwa tu, na ile sikuikubali, mama zetu benye banaamka saa kumi ya usiku kwenda ku soko hawamo. Kama unatafuta romani ingine ya Kifaransa juu ya Lubumbashi ya wachimbaji, miye ninakupa Généalogie d'une banalité ya Sinzo Aanza, ya 2015: bantu ba kartie moja banachimba shaba chini ya nyumba zao benyewe, na ukikaa huku unajua si maneno ya ndoto.

Turudie ku ile ya kwanza, juu njo yenye ninapenda kupita zote. Nilikuwa ninaisomea baba mukubwa wangu kule kwake Katuba, kartie ya hapa Lubumbashi, kutoka ku telefoni, macho yake haione tena vizuri. Alitumika boyi myaka mingi na hakuwa anatuhadisia hata kidogo. Ukurasa ya tatu ao ya ine akanisimamisha, akasema, "Pale rudia." Nikarudia. Akanyamaza, kisha akaanza kunihadisia yake, mpaka giza ikaingia na hatukusoma tena. Posho hii ninarudi kwake, na daftari safari hii.