Kuhamisha Faili au Kuhama Nyumba?

Jamani, nani alisema kompyuta mpya ni furaha? Nimetoka nayo Luthuli, kule kwa maduka ya elektroniki Nairobi, nimeikumbatia kama mtoto mchanga, nikafika Umoja, nikachomeka flashi kwenye ile kuukuu. Ikaniambia zimebaki dakika 12. Nikabandika chai. Narudi, eti zimebaki saa 9. Natazama tena, dakika 3. Halafu siku mbili! Hii ni hesabu gani? Hata makanga mvua ikinyesha hapandishi nauli namna hiyo.

Ikaja video ya harusi ya dada. Ni GB 6, flashi ni ya GB 32, tena tupu, lakini imekataa katakata eti faili ni kubwa mno. Kumbe imefomatiwa kwa FAT32, ule mfumo wa zamani wa kupanga faili kwenye flashi, na FAT32 haimezi faili moja inayofika GB 4. Sasa mimi ningejulia wapi?

Na folda zangu, aibu tupu. "Mpya". "Mpya 2". "Mpya kabisa". "Usifute". Usifute nini, na nilikuwa namwambia nani? Picha elfu 11, nusu yake maua ya "habari ya asubuhi" kutoka kwa mashangazi. Na hivyo vifaili vidogo vidogo ndivyo vinavyokokota msafara mzima!

Asilimia 97, stima ikapotea. Betri ya ile kuukuu ilishakufa kitambo, Mungu ailaze pema. Wenzangu, nyinyi mlihama vipi? Au pia mnabeba kompyuta mbili kwenye begi moja?