Sikuzimia, Nilikaa Chini

Naanza na hilo kwa sababu Tumaini wa kazini kwetu ameshaweka stetasi tatu tangu jana jioni, na ya tatu ina muziki wa msibani. Eti nilizimia ofisini mbele ya mama yangu mzazi. Sikuzimia. Nilikaa chini. Mtu kukaa chini ghafla mahali pasipo na kiti si kuzimia, na nyie mnaonitumia "pole na moyo" huku mnacheka, someni kwanza, halafu mcheke mkiwa na taarifa kamili.

Ninakofanya kazi mnapajua. Pale Mwanjelwa, hapa Mbeya, juu ya duka la mabati, tunachangisha hela za matibabu, ada na visima kwa njia ya mtandao. Mimi ndiye ninayeandika habari za wahitaji na kuzihakiki. Mtu akileta ombi, nampigia mtendaji wa mtaa, nasoma barua ya daktari, nahakikisha hela inaingia akaunti ya hospitali na si mfukoni kwa shemeji. Hata kanuni zilizobandikwa ukutani nimeziandika mimi. Ya kwanza inasema: USITIE CHUMVI KWENYE UGONJWA WA MTU. Iko juu kidogo ya kiti changu. Tutaikuta mbele.

Bosi wetu ana msemo. Kila Jumatatu saa mbili asubuhi tunakusanyika kwa chai ya tangawizi na chapati, anatuambia sisi si wafanyakazi, sisi ni familia. Tuko saba. Chapati zikija sita, tunakumbushwa kwamba sisi ni familia. Mshahara ukisogea mpaka tarehe nane, ni familia. Grupu la WhatsApp la ofisi linaitwa Familia. Kwa hiyo mimi neno hilo nikilisikia, kichwani nawaona watu saba na sahani ya chapati.

Jana asubuhi bosi akanipa kazi ya kujaribu mfumo mpya wa meseji. Zamani tulikuwa tunaandika marefu, na meseji ikizidi herufi 160 inahesabiwa mbili, ikizidi tena tatu, na zote zinalipiwa. Mfumo mpya hautaki mchezo huo. Unatenga herufi 30 za kiungo, unakuachia 130 za maneno, ukizidisha unakata kama mkasi na kinachobaki kinakaa kwenye ukurasa wa mtandaoni. Haya yote nilielezwa kwenye kikao. Nilikuwa natafuna, lakini nilikuwepo.

Jaribio linataka jina, picha na habari. Mwenye akili angeandika "jaribio jaribio jaribio" akaenda zake. Mimi nikasema hapana, wenzangu wana baridi na umeme ulikatika tangu alfajiri umerudi sasa hivi, ngoja niwafurahishe. Nikaweka jina langu. Nikaweka picha aliyonipiga Tumaini mwaka jana mwezi wa saba: nimelala juu ya meza, nimejifunika shuka la Kimasai mpaka kidevuni, mdomo wazi. (Watu wa Dar mnaolala na feni msiulize shuka la nini. Mbeya iko mita kama 1,700 juu ya bahari. Njooni Julai mkoge saa kumi na mbili asubuhi ndipo tuzungumze.) Halafu nikaandika hivi:

"Moyo wa Gwamaka wetu umechoka. Wataalamu wamesema hauwezi kuendelea peke yake. Ana miaka 29 tu. Changia ulichonacho apate mwingine wa kumpasha joto, maana baridi ya Mbeya haina huruma na mseja."

Lengo la mchango: shilingi 150,000. Maelezo ya lengo: posa.

Niliisoma nikacheka peke yangu mpaka kijana wa field, aliyeripoti Jumatano na bado anaogopa kuchota maji ya kunywa, akageuka kuniangalia. Nikaenda kwenye orodha ya wapokeaji. Zilikuwa mbili tu. Ya kwanza imeandikwa "Mpya". Ya pili imeandikwa "Familia".

Nikatuma kwa Familia.

Simu ilikuwa na asilimia nne. Nikaichomeka chaji mezani, nikashuka kwenda kula Kabwe.

Kumbe kwenye mfumo mpya bosi ameamua wachangiaji nao ni familia. Wote. Namba elfu mbili na ushee. Na humo ndani nimo mimi na dhambi yangu ya zamani, kwa sababu mwezi wa kwanza kazini kila mtu aliambiwa alete namba ishirini za watu wanaopenda kuchangia. Sikuwa na watu ishirini wanaopenda kuchangia. Nilikuwa na mama, mjomba, mama mkubwa wa Tukuyu, mwalimu wangu wa darasa la saba na akina mama wote wa jumuiya ya mama kule Uyole. Nikawaandikisha.

Mama ana kitochi. Kiungo kwake ni namba zimekosewa. Alichosoma ni herufi zile 130, na jana usiku nimezihesabu kwa kidole mara tatu nikitafuta wa kumlaumu. Ya 130 ni herufi ya mwisho ya neno "mwingine". Isome tena ukiishia hapo. Isome kama mama.

Mimi wakati huo niko Kabwe naagiza mishikaki na ndizi za kuchoma. Nikaongeza supu. Nikakaa na jamaa mmoja tukabishana mpira kama saa nzima hivi. Nyie, ile supu ilikuwa tamu. Hilo ndilo linaloniuma.

Sasa lazima niwaeleze kengele. Ofisini tuna kengele ya ng'ombe, bosi aliinunua Tukuyu. Mchango ukifika lengo inagongwa, na mwenye habari anatakiwa aingie anacheza kutoka mlangoni mpaka kwenye ramani ya mkoa iliyoko ukutani, wengine wanapiga makofi. Ni upuuzi, lakini ukiwa umemchangishia mtoto wa watu hela ya upasuaji, unacheza na machozi yanakutoka. Ndivyo kazi yetu ilivyo.

Nafika chini pale kwenye mabati, naisikia. Ngoro ngoro ngoro. Nikajua ni kile kisima changu cha Chunya, maana kilibakiza kidogo. Nikapanda ngazi mbilimbili. Mkono wa kulia nina kijiti cha mshikaki, nyama mbili bado ziko, ya tatu iko mdomoni. Mkono wa kushoto soda. Mlango ulikuwa umerudishiwa.

Staili yangu mnaijua, naingia kinyumenyume.

Nikausukuma mlango kwa makalio. Mabega nikayaachia. Nikapiga hatua ya kwanza, nikatingisha, ya pili, nikatingisha, kijiti juu, soda juu. Makofi hakuna. Nikadhani wananionea wivu. Nikashuka chini nikazungusha kiuno taratibu, ule mzunguko wa kumalizia, na nikiwa katikati ya mzunguko nikasikia sauti ya mzee nyuma yangu inasema kwa unyenyekevu mkubwa:

"...na umnyanyue mtumwa wako kutoka kitandani, Bwana."

Nikageuka kabla kiuno hakijamaliza.

Kwanza nikaliona beseni. La bluu. Ndani kuna blanketi lile la nyumbani, lenye maua, limekunjwa vizuri, chupa ya chai ambayo bila shaka ina uji, kikombe, na mswaki mpya ambao bado uko kwenye karatasi yake. Ni beseni la kwenda kulaza mtu hospitali. Mama alikuwa amelikumbatia. Sweta alilivaa ndani nje, lebo inaning'inia chini ya kidevu, mguu mmoja una kandambili na mwingine una kiatu cha kanisani. Nyuma yake akina mama wanne, vitenge vimefungwa kiunoni. Mzee wa kanisa amepiga magoti kwenye sakafu yetu ya saruji, jicho moja limefumbwa, la pili linaniangalia mimi. Bosi kainamisha kichwa. Tumaini kainamisha kichwa lakini mabega yanatetemeka. Neema wa uhasibu ameshika glasi ya maji aliyomletea mama. Na kijana wa field, kwenye kona, ameishika kengele kifuani kama mtoto mchanga, macho yamemtoka. Alifundishwa lengo likifika gonga. Lilifika katikati ya maombi. Akagonga.

Mama aliniangalia usoni. Akauangalia mshikaki. Akaangalia tena usoni. Akaliweka beseni chini polepole, kama lina mayai, akaja mpaka nilipo, akanibandika kiganja kifuani. Akasikiliza. Chumba kizima kilisikiliza. Ile nyama bado iko mdomoni, siwezi kuimeza wala kuitema, nimesimama tu na shavu limevimba.

"Unadunda," mama akawaambia wenzake.

Akakibonyeza kiganja zaidi.

"Ee Kyala. Unadunda sana."

Ndiyo, nilikuwa nimetoka kupanda ngazi mbilimbili na kucheza.

"Shikamoo mama," nikasema, na kipande cha nyama kikamrukia kwenye lebo ya sweta.

"Marahaba. Gwamaka, si wamesema umechoka?"

Hapa ningenyamaza ningepona. Ningesema ni makosa ya mtandao, kila mtu Tanzania anayaelewa makosa ya mtandao. Lakini bosi ni mtu wa uwazi. Akasema, "Mama, usiwe na hofu, ngoja tuone maelezo kamili ya mgonjwa," akawasha projekta.

Nikajiona ukutani. Mita moja na nusu, mdomo wazi, udenda unang'aa, na juu ya kichwa changu kabisa ile karatasi ya USITIE CHUMVI. Bosi akasoma kwa sauti, ile sauti yake ya Jumatatu. Akafika kwenye "apate mwingine", akaendelea kwa kujiamini, "wa kumpasha joto, maana..." na nikamwona anapunguza mwendo kama koasta iliyoona matuta. "...maana baridi ya Mbeya... haina huruma... na mseja." Akameza mate. Halafu, kwa sababu ni mtu wa uwazi, akamalizia: "Lengo, posa."

Kimya. Chini dukani mtu alikuwa anapakia mabati.

Mzee wa kanisa akauliza, bado yuko kwenye magoti, "Mseja ni maradhi gani hayo?"

"Hana mke, mzee," mama mmoja akamjibu kwa upole.

"Aaa." Akainuka, akajipangusa magoti. "Basi tumeombea kitu kingine."

Hapo ndipo nilipokaa chini. Tumaini, umesikia? Nilikaa. Na ile glasi ya maji Neema aliinywa mwenyewe, yote, akiwa ananiangalia. Simsemi. Ningekuwa yeye hata mimi ningekunywa.

Yaliyofuata nayapitisha haraka. Watu 43 walikuwa wameshachanga shilingi 187,500. Nimewapigia mmoja mmoja kuwaomba radhi na hela zao zinarudishwa, makato ya kurudisha yanatoka kwenye mshahara wangu, na sibishi. Kumi na mmoja wamekataa kurudishiwa. Mmoja kasema anaye mtoto wa dada yake yuko Mbalizi, amemaliza ualimu, ana utulivu. Mwalimu wangu wa darasa la saba kasema alijua tu. Mjomba alikuwa ameshafika stesheni ya TAZARA kuulizia nauli za watu watatu kwenda Dar, kwa kuwa matatizo ya moyo hupelekwa Muhimbili. Mama mkubwa hakupatikana hewani mpaka usiku, na leo alfajiri kashuka stendi na mkungu wa ndizi na jogoo hai. Kuanzia jana meseji haitoki mpaka wawili waidhinishe, na ile orodha sasa inaitwa WACHANGIAJI WOTE SIYO SISI. Bosi hajanifukuza. Kasema sisi ni familia.

Mama hakunigombeza. Ningemshukuru angenigombeza. Alinivuta pembeni kwenye ngazi, akanipa uji ule nikanywa wote nimesimama, akalichukua beseni lake akaondoka na wenzake kwa bajaji. Jioni nikampigia kumwambia kwamba shilingi 62,000 za jumuiya nazirudisha kesho asubuhi.

"Zirudi wapi?" akasema. "Hizo tumeshaziandika."

Wameziandika kwenye daftari. Akina mama wale wanne njiani, kabla bajaji haijafika Uyole, walishaunda kamati. Kuna mwenyekiti, kuna katibu, kuna mweka hazina, na mzee wa kanisa ni mlezi. Kikao cha kwanza kesho Jumapili baada ya ibada, ajenda ni ukumbi. Mchumba sina. Mweka hazina ninaye.

Amepiga tena sasa hivi nikiwa naandika hapa, jogoo anawika jikoni kwangu, anauliza sare za kamati ziwe rangi gani.

Nimesema bluu.